Mstari ni wa Ndani

Wiki hii wanapaka chokaa msikiti wa mtaani kwetu, na mimi napita njia ya nyuma. Jirani yangu aliniuliza jana kwa nini nazunguka mpaka kwa muuza kahawa ilhali mlango wangu uko pale pale, nikamwambia chokaa hunipa mafua. Si uongo mkubwa. Chokaa ikikorogwa na maji hutoa harufu ya ubichi inayochoma, inapanda puani na kukaa huko, na wenye bahati zao husema hiyo ndiyo harufu ya Idi, ya nyumba kusafishwa na watoto kushonewa nguo. Kwangu mimi ni harufu ya kiwanja cha mpira. Ni harufu ya juma moja la utoto wangu ambalo nililianza nikiwa na mama ndani ya nyumba na kulimaliza bila yeye.

Wenzangu mliokulia Kibokoni na Kuze mtakikumbuka kiwanja kile cha mchanga, nje kidogo ya Mji wa Kale, kabla hakijazungushiwa ukuta na kujengwa maduka ya simu. Hakikuwa na nyasi. Upande mmoja kiliinama, basi timu iliyoshinda kura ilichagua kucheza kuteremka kipindi cha pili, miguu ikishachoka. Magoli yalikuwa ya mabomba yenye kutu. Mistari haikuwapo kabisa mpaka Baba aichore, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa refa.

Siku za kazi alikuwa karani bandarini, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Jumapili alivaa kaptura nyeusi ambayo Mama aliipiga pasi ya makaa mpaka ikasimama wima, akaning'iniza firimbi shingoni, na tukatoka mimi na yeye baada ya sala ya adhuhuri. Yeye alibeba ndoo ya chokaa iliyokorogwa, mimi nikabeba kopo la maziwa ya unga alilolitoboa chini kwa msumari. Alivuta kamba kutoka kigingi hiki hadi kile, nami nikachota chokaa na kutembea upesi juu ya kamba kabla haijamwagika yote, na nyuma yangu mstari ukabaki mweupe kwenye mchanga. Watu walimuuliza kwa nini kazi ile ampe mtoto wa kike na wavulana wamejaa tele. Alijibu kwamba mkono wangu hautetemeki. Nimefanya kazi nyingi tangu siku hizo, na hakuna hata moja iliyonivimbisha kichwa namna ile.

Alinifundisha mchezo mzima nyumbani, jioni, kwenye sakafu ya sebule, kwa vizibo vya soda. Vizibo hivi ni mabeki, hiki ni kipa, huyu peke yake mwenye ruhusa ya kushika kwa mikono, na akitoka nje ya boksi lake naye anakuwa mtu kama watu. Mpira ukitoka pembeni unarushwa kwa mikono miwili, miguu yote chini. Ukitolewa na beki nyuma ya goli lake mwenyewe ni kona. Ukimwangusha mtu ndani ya boksi ni penati, na hapo usiulize huruma. Kuotea ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu, mpaka aliponiambia nifikirie mtu aliyekwenda harusini akakaa mbele ya sinia la pilau kabla wenzake hawajaketi na kabla hajaambiwa karibu. Toka siku hiyo nikiona mshambuliaji amesimama peke yake karibu na kipa, nilimwonea aibu kama jamaa yangu.

Lakini sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mstari. Alichora mstari wa chaki sakafuni, akaweka chungwa juu yake, akaniuliza: "Umevuka?"

Mimi nimesimama, natazama kwa juu, nikasema umevuka.

"Lala chini."

Nikalala, shavu langu kwenye saruji baridi, jicho langu sawa na chungwa. Nikaona kwamba kipande chembamba cha lile chungwa bado kilikuwa juu ya chaki.

"Ukiangalia kwa juu utamdhulumu mtu," akasema. "Mstari ni wa ndani. Mpira ukibakisha hata ukucha juu ya mstari, bado uko ndani. Hauhesabiwi umevuka mpaka uvuke wote, uupite mstari wote. Sema."

Nilisema, na nilirudia kama nilivyorudia masomo ya chuo cha Kurani, nikitikisa mwili mbele na nyuma. Na hapo tukawa na siri yetu. Washika vibendera wa mechi zile walikuwa vijana wa mtaani, kila mmoja ana binamu katika timu mojawapo, na walidanganya bila hata kuona haya. Kwa hiyo mimi niliketi chini karibu na kibendera cha kona, kama mtoto aliyeletwa tu kwa kuwa hapana wa kumwachia. Mpira ukifika kwenye mstari wa goli na shaka ikaingia, Baba alinitupia jicho. Kama umevuka wote, niliinua mkono. Kama haujavuka, niliacha mikono yangu mapajani. Hakuna aliyejua.

Mama alikuwa Mdigo wa ng'ambo ya Likoni. Asubuhi aliuza mahamri na mbaazi kwenye baraza ya nyumba yetu, na alikuwa na ulimi mwepesi uliowafanya wateja wake wacheke na kurudi. Ulimi huo huo Baba aliupenda siku nyingi na siku chache ukamkera. Alikuwa na talaka mbili. Naisema hivyo, kama mtu anayesema fulani ana meno mawili ya bandia, kwa sababu ndivyo wanawake wa mtaani walivyoisema mbele yangu, wakidhani mtoto hana masikio: ana mbili, amebakiwa na moja. Kila mara alichukua mfuko wake, akavuka feri kwenda kwao, na kila mara, kabla eda haijamalizika, Baba alivaa kanzu safi, akanunua haluwa na doti ya kanga, akamfuata na kumrejea. Nami nikaona ni jambo la kadi za njano. Kwenye mpira mbili zinakutoa, ilhali Mama alikuwa na mbili na bado yuko nyumbani anakanda unga, basi nikaamini kwamba sheria za nyumba yetu zilikuwa na huruma zaidi kuliko za kiwanjani. Sikujua ya tatu inafanya nini. Hakuna aliyenichorea sakafuni.

Asubuhi moja ya juma lile, Mama alimsimamisha Baba mlangoni. Alikuwa amechelewa kazini. Barazani kulikuwa na wanawake wawili wakingoja mahamri.

"Mamangu yuwaumwa," Mama alisema. "N'naomba niende nikamwone."

"Ulikwenda juzi."

"Juzi hakuwa hivi. Wamenambia hata uji haupiti."

"Ngoja Jumapili, mechi ikisha n'takupeleka mwenyewe."

"Na asipofika hiyo Jumapili?"

"Mejumaa," Baba akamwita kwa jina, "nimeshasema."

"Hukusema. Umepuliza firimbi," Mama akajibu. "Hata humu ndani wanifanya niko kiwanjani."

Mmoja wa wale wanawake akacheka. Hakucheka kwa ubaya, cheko lilimtoka tu. Baba akageuka akamwona, akaona na mwenzake ameficha mdomo kwa ncha ya buibui, na uso wake ukabadilika. Akasema kwa sauti ndogo, ile aliyoitumia kumtoa mchezaji: "Haya. Ukivuka feri leo, basi ujue ndiyo ya tatu hiyo." Kisha akaenda kazini. Wale wanawake waliondoka na sahani zao bila kuaga.

Nimeishi na maneno yale muda mrefu kuliko alivyoishi nayo yeye. Baba hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga Mama hata siku moja, hakurudi nyumbani mikono mitupu, na mtaa mzima ulimwamini. Ningemchukia kwa raha zangu kama angekuwa mbaya.

Alasiri nilipotoka shule nilimkuta mjomba wangu mdogo, ndugu yake Mama, amesimama mlangoni bila kuingia. Alisema Bibi anamtaja Mama kila anapozinduka. Akatangulia kurudi. Mama alibaki amekaa kando ya jiko kwa muda, mikono ina unga, halafu akanawa, akavaa buibui lake, akanishika mkono. Tulikwenda Feri kwa miguu. Nilijua maneno ya Baba, nilikuwapo, na nilikuwa nikingoja kuona Mama atafanyaje, kama mtu anavyongoja penati.

Feri ilikuwa imejaa watu wanaotoka mjini na mikokoteni ya mboga kutoka Marikiti. Muuza kachiri za muhogo alipita mara kadhaa na Mama hakumwona. Alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, na alikishika kwa nguvu hata vidole vikaniachia alama. Tulipofika ng'ambo, lile bamba la chuma likateremshwa juu ya saruji kwa kishindo, na watu wakamiminika. Tulikwenda nao mpaka mwisho wa bamba. Hapo Mama akasimama.

Nakumbuka mguu wake wa kulia kuliko ninavyokumbuka uso wake wa siku ile. Alikuwa na ndara za buluu. Mguu wa kushoto wote ulikuwa juu ya chuma. Wa kulia aliutanguliza, na pale ukatua, nusu huku na nusu kule. Watu walitupita kulia na kushoto wakitusukuma. Hamali mmoja nyuma yetu akasema, "Mama, pita au pisha." Nami nikafanya nilichofundishwa. Nikachuchumaa katikati ya miguu ya watu, nikainamisha kichwa, nikatazama kwa chini. Vidole vyake vilikuwa juu ya saruji ya Likoni. Kisigino chake kilikuwa bado juu ya chuma cha feri.

Mama alikuwa anaitazama ile njia inayopanda, ambayo ukiifuata inakufikisha kwao. Kisha akautoa mguu, akaurudisha kando ya mwenzake.

"Turudi," akasema.

"Na Bibi?"

"Bibi atanielewa."

Hatukushuka. Tulirudi na feri ile ile iliyotupeleka, tumesimama pale pale, watu wapya wakiingia wakituzunguka. Alilia ndani ya buibui bila sauti. Mimi sikulia. Nilikuwa na furaha, na furaha yangu nilitaka kuifikisha kwa Baba, kwa sababu nilijua habari ambayo refa peke yake ndiye angeielewa.

Baba alirudi mapema kuliko kawaida. Alikuwa na machungwa na kopo la glukosi ya mgonjwa. Akaviweka mezani akasema, bila kumtazama Mama, kwamba ameomba ruhusa kazini, kesho watakwenda wote kumwona Bibi. Ndivyo alivyoomba msamaha. Mama angeweza kunyamaza, nami nimewaza mara nyingi jinsi maisha yetu yangekwenda kama angenyamaza. Lakini naye alikuwa mtu wa kusema kweli, wote wawili walikuwa hivyo, ndio balaa la nyumba yetu.

"Mimi nilikwenda leo," akasema. "Nilipanda feri. N'kafika mpaka kule, n'kashindwa kushuka. N'karudi."

Baba akakaa. Aliuliza mara moja tu: "Ulipanda?"

"Nilipanda."

Hapo nikaingia mimi. Nilimweleza yote, bamba, ndara, kisigino. Nilisimama kwenye kizingiti cha mlango nikamwonyesha kwa mguu wangu. "Hakuvuka, Baba. Mguu mmoja wote ulikuwa ndani, na mwingine ulikuwa juu ya mstari. Na mstari ni wa ndani."

Alinitazama kwa tumaini ambalo sikuwahi kuliona usoni mwa mtu mzima. "Uliangalia kwa chini?"

"Nilichuchumaa."

"Una hakika, mama?"

"Wallahi, Baba."

Akasema jambo hili tusiliamue wenyewe, kesho tutamuuliza mwenye kujua. Usiku ule akaenda kulala kwa ami yangu.

Sheikh tuliyemwendea alikuwa mtu mpole wa mtaa wa pili, mwenye macho mabovu, aliyekuwa akitengeneza saa barazani kwake baada ya kusomesha. Nilimwamkia nikambusu mkono. Baba alinichukua kwa sababu nilikuwa shahidi, ndivyo nilivyojiambia, na labda ndivyo alivyojiambia na yeye. Akaeleza maneno aliyosema, kama alivyoyasema, bila kuyapunguza. Kisha akanipisha. Nilisimama kwenye ukingo wa mkeka, kisigino ndani, vidole nje, nikaeleza.

Sheikh akatabasamu. "Mtoto ana macho huyu," akasema. Akanipa tende. Halafu akamgeukia Baba, na tabasamu likaondoka.

"Uliposema kuvuka, ulikusudia nini?"

Ndani ya nyumba watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, mmoja akikosea mahali pale pale na kurudishwa.

"Nakuuliza wewe," Sheikh akasema, "kwa sababu hapana mwingine anayejua. Ulikusudia akanyage Likoni, au ulikusudia jingine?"

"Nilikusudia asitoke kisiwani," Baba akasema. "Asipande hata hicho chombo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa moyoni mwangu nilipokuwa nikisema."

"Una hakika na nia yako?"

"Naijua."

"Ningependa uniambie jingine."

"Na mimi ningependa, Sheikh. Lakini silo."

Yule mzee alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu kwa muda mrefu. "Basi imeshakuwa," akasema.

Mimi nilikuwa nakula tende. Nilikuwa nimewatazama wawili wale kama ninavyowatazama marefa wawili wakishauriana katikati ya uwanja, na kwa kuwa mmoja wao alikuwa Baba, sikuwa na wasiwasi wowote. Nilisifiwa macho. Nilipewa tende. Nilipapaswa kichwa wakati wa kuaga. Nikaona tumeshinda. Njia nzima ya kurudi niliruka-ruka mbele ya Baba, na nilipofika nyumbani nikamkimbilia Mama pale mlangoni.

"Sheikh amesema nina macho," nikamwambia.

Mama alitazama juu ya kichwa changu, akamwona Baba anakuja. Akaingia ndani, akaanza kukunja kanga zake.

Bibi alikufa siku iliyofuata, kabla ya jua kupanda. Mama aliondoka asubuhi ile kwenda kuzika, na safari hii alivuka bila mtu wa kumkataza. Aliyekuwa akimwendea siku ile hayupo tena, na yule aliyerudi nusu njia kwa ajili yake hakuwa tena mumewe. Aliushika uso wangu kwa mikono miwili akasema eda yake atakaa kwao, mimi nibaki kwa ajili ya shule, likizo nitakwenda. Nikamuuliza Baba atamfuata lini. Akasema, "Muulize yeye." Baba alikuwa nje, ameketi barazani mahali pa sufuria ya mbaazi, anatazama ukuta wa jirani.

Shangazi yangu ndiye aliyekuja kunieleza, alipohamia kwetu kutupikia. Alieleza huku anachambua mchele. Ya tatu haina kurejea. Mpaka Mama aolewe na mtu mwingine, akae naye, na mtu huyo naye amwache kwa hiari yake, hapo ndipo Baba angeweza kumposa upya. "Na haya hayapangwi," akasema, "huwa tu." Nikamwambia kuhusu kisigino. Akaniambia Mwenyezi Mungu hakuangalia kisigino, ameangalia nia ya babako. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Kwenye mpira hakuna anayeuliza mpira ulikusudia nini.

Mama aliolewa, miaka miwili mitatu baadaye, na muuza nazi wa kijijini kwao. Nilikuwa nimeomba, Mungu anisamehe, awe mlevi au mkali. Alikuwa mtu mwema. Aliniita mwanangu na akanitengenezea kitanda changu mwenyewe, na nilimwona Mama akicheka ndani ya nyumba yake kama alivyokuwa akicheka na wateja wake barazani. Nina wadogo zangu kule. Baba hakuoa tena. Kila niliporudi kutoka likizo aliniuliza hali ya kule, na nilipojibu wazima wote, alisema alhamdulillahi, na mimi nilijua anauliza nini. Alizeeka akiuliza. Tumemzika mwaka jana. Mama alivuka akaja matangani, akakaa na wanawake, akala, akarudi kwa mumewe kabla ya magharibi.

Lakini chokaa hainipeleki huko. Inanipeleka kwenye Jumapili iliyofunga juma lile, Mama akiwa na siku chache tu tangu aondoke.

Baba alinigusa bega baada ya sala. "Twende tukachore," akasema. Nilidhani hatutakwenda. Nilidhani mtu akifikwa na jambo kama letu, mpira unasimama. Nilichukua kopo. Kaptura yake haikupigwa pasi, ilikuwa na mikunjo ya sandukuni, na watu waliiona. Tulichora mistari. Mkono wangu ulitetemeka kwa mara ya kwanza, na kwenye mstari wa goli la upande wa barabara chokaa ikaenda upogo. Baba aliona. Hakuurekebisha.

Ilikuwa mechi ya mahasimu, Kuze na wenzao wa mtaa wa juu, na watu walijaa pande zote. Mwishoni kabisa, hakuna aliyefunga, mshambuliaji wa Kuze akapiga shuti, mpira ukamgonga kipa kifuani, ukadunda, ukaelekea golini polepole. Kipa akaurukia akaukumbatia pale pale ulipofika. Nusu ya uwanja wakapiga kelele goli. Nusu wakapiga kelele hapana. Mshika kibendera, binamu yake mshambuliaji, alikuwa ameshainua kibendera.

Baba akaja mbio. Akamwambia kipa asitikisike, asipumue, abaki vivyo hivyo. Akawasukuma wachezaji nyuma kwa mikono yote miwili. Halafu akapiga magoti mchangani. Akaweka viganja chini, akainamisha kichwa mpaka shavu lake likagusa chokaa, akautazama ule mpira kwa chini, kwa muda mrefu, mtu mzima na kaptura yake iliyokunjamana, huku watu wakimtukana mamake. Aliutazama kwa huruma. Nilikuwa nimekaa karibu na kibendera cha kona na niliona uso wake vizuri, na nilikuwa namfahamu. Alikuwa hataki kuudhulumu.

Nikamkumbuka Mama amesimama mwisho wa lile bamba, mguu mmoja mbele, watu wakimsukuma.

Baba akainua kichwa. Akanitupia jicho, kama siku zote.

Mimi nilikuwa nimeuona mpira kuliko mtu yeyote pale. Ukucha mmoja wake ulikuwa juu ya chokaa, ile ile niliyoimwaga upogo kwa mkono wangu. Haukuvuka. Baba alijua, na alijua kwamba mimi najua. Aliniuliza tu kwa sababu alinizoea.

Nikainua mkono, kwamba umevuka wote.

Aliutazama mkono wangu. Chokaa ilikuwa imemganda shavuni. Nilingoja akasirike, au aje anipige, au aseme neno lolote, na hakufanya chochote katika hayo. Akasimama, akapangusa magoti, akatikisa kichwa kuwaambia Kuze si goli. Kisha akapuliza firimbi, na mpira ukaendelea. Mimi sikuushusha mkono mpaka mechi ikaisha.